Kapu la vyakula vya mababu, Mombasa: jiko zuri, kijitabu kibovu

Kwa wiki kumi na mbili, tangu mwanzo wa Julai hadi mwisho wa Septemba, nyumba yetu ya watu wawili hapa Tudor ilikula kwa kapu. Kapu hilo huletwa kila Jumamosi asubuhi na kijana wa tuktuk kutoka jiko moja la nyumbani la Mji wa Kale, nalo hujaa vitu ambavyo wenyewe wanaviita vyakula vya mababu: muhogo, viazi vikuu, ndizi mbichi, unga wa mtama na wa mawele, kunde, mboga za majani, samaki, nazi, mayai ya kuku wa kienyeji, asali na ubuyu. Pamoja na kapu, mteja hupata vyakula vitatu vilivyopikwa kila wiki, kijitabu cha kurasa ishirini na nne kinachoeleza namna ya kula, kulala na kutembea, na mwaliko wa matembezi ya alfajiri kila Jumapili katika bustani ya Mama Ngina. Kwa yote hayo tulilipa shilingi 4,200 kwa wiki. Sitaitaja huduma hii kwa jina, kwa kuwa nina mengi ya kuisifu na machache ya kuilaumu, na katika hayo machache yamo mawili ambayo si madogo.

Nilijiandikisha kwa sababu ya presha. Mwezi wa Mei nilipimwa zahanati nikakutwa na 148 kwa 94, na baada ya kupimwa tena mara mbili daktari akaniandikia kidonge kimoja kwa siku na kunishauri nipunguze chumvi, uzito na kukaa kitako. Kazi yangu ni ya makaratasi ya mizigo ya bandarini, saa tisa kwa siku mbele ya kompyuta. Kifungua kinywa changu kilikuwa mahamri manne na chai ya maziwa yenye sukari isiyopungua vijiko vitatu, mchana chipsi au biriani ya kununua, na usiku ugali wa sembe nyeupe kwa chochote kilichokaangwa. Simo peke yangu katika hali hiyo, kwani uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana shinikizo la juu la damu. Naeleza haya mapema ili msomaji ajue kwamba katika wiki zote kumi na mbili niliendelea kumeza kidonge changu, na kwa hiyo lolote nitakalosema kuhusu afya yangu haliwezi kuhesabiwa kuwa kazi ya kapu peke yake.

Nianze na chakula kilichopikwa, maana hapo ndipo fedha yangu iliporudi. Mpishi ni bibi mtu mzima ambaye sauti yake naijua zaidi kwa simu kuliko uso wake, na ambaye hupika kwa mkaa na kwa kuni, si kwa gesi. Jumatatu huja samaki wa kupaka, changu au tafi kutegemea bahari, aliyekolezwa kwa thomu, tangawizi na ndimu, akachomwa kwanza mpaka ngozi ikashika, kisha akapakwa tui zito lililopikwa likaiva na ukwaju, na kurudishwa juu ya makaa ili lile tui limng'ang'anie. Nimekula samaki wa kupaka katika mikahawa ya Nyali kwa bei ya mara tatu, ambako samaki huogeleshwa katika mchuzi wa rangi ya manjano na kuitwa jina hilohilo. Jumatano huja mkate wa mofa na kunde. Mofa ya asili ni ya unga wa mtama, huokwa katika tanuri ya udongo, na ina ule ukavu unaoudhi mtu aliyezoea mkate wa dukani mpaka anapouchovya katika mchuzi. Siku ya kwanza nilidhani umeharibika, na kufikia wiki ya tano nilikuwa nikiuficha wa kesho. Ijumaa ni ndizi mbichi za tui.

Mboga ndiyo iliyotufundisha zaidi. Kila kapu lilikuwa na mafungu matatu ya majani, na hayakuwa sukumawiki: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde, mnavu, na mara nne mchunga, ile mboga chungu ambayo Mijikenda huichuma pembezoni mwa mashamba baada ya mvua. Mke wangu ni mtu wa Rabai, na alipoona mchunga juu ya kapu alicheka kama aliyekutana na jamaa wa zamani ndani ya benki. Mimi niliupika vibaya mara ya kwanza, tukashindwa kuula, nikapiga simu jikoni kulalamika. Bibi akanijibu taratibu, “Mwanangu, mchunga hauamrishwi uache uchungu wake, unaombwa upunguze. Chemsha, mwaga maji, chemsha tena, ndipo utie tui.” Ushauri huo mmoja ulikuwa na thamani kuliko kijitabu kizima, na ni jambo la kuisifu huduma hii kwamba simu ya jikoni hupokewa na mpishi mwenyewe.

Nazi huletwa nzima. Hakuna tui la pakiti wala unga wa nazi, na mteja asiye na mbuzi ya kukunia huambiwa akanunue. Tulinunua yetu Kongowea, ya mti, yenye ulimi wa chuma, pamoja na kifumbu cha ukindu kwa kuwa mke wangu alikataa katakata kukamulia nazi katika kitambaa. Kwa wiki mbili za mwanzo niliona jambo hili kuwa usumbufu usio na maana katika mji ambao mashine ya kukunia nazi iko kila kona ya soko. Kisha nikaanza kuelewa kwamba usumbufu huo ni sehemu ya chakula chenyewe. Mtu anayelazimika kuvunja nazi, kukaa chini juu ya mbuzi, kukuna kwa dakika kumi na kukamua tui la kwanza na la pili hatatia nazi tatu katika chungu kimoja, wala hatapika chakula cha nazi kila siku. Mafuta ya nazi, kwa sehemu kubwa, ni ya aina ileile ambayo madaktari wa moyo wanatuomba tuyapunguze, na kijitabu kinayaita dawa ya kila ugonjwa. Ukweli, kwa maoni yangu, ni kwamba jasho la kuipata nazi ndilo lililokuwa likiwalinda waliotutangulia wasiizidishe. Mtafiti wa Sweden, Staffan Lindeberg, alipowachunguza watu wa kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, kuanzia miaka ya mwisho ya 1980, aliwakuta wakila viazi vya aina kadhaa, matunda, samaki na nazi, na maradhi ya moyo na kiharusi yakiwa hayaonekani kwao, ingawa wengi walivuta tumbaku. Chakula hicho kinashabihiana sana na kapu letu. Lakini watu wa Kitava hawakuwa wakikaa saa tisa kwa siku wakijaza fomu za kontena.

Samaki ni habari ya kusi. Aliyejiandikisha Julai, kama mimi, ajue kwamba pepo za kusi huwazuia wavuvi wa mashua ndogo na ngalawa kwenda mbali, na samaki wabichi huadimika na kupanda bei. Wiki sita kati ya kumi na mbili, badala ya changu mbichi wa kujipikia, kapu lilikuwa na dagaa wakavu au ng'onda, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Sikuona ubaya katika hilo. Hivyo ndivyo pwani ilivyokula siku zote, na huduma inayofuata majira haina budi kukosa vitu. Ubaya ni kwamba ng'onda ni chumvi tupu, na hakuna aliyeniuliza kama nina presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, na kipande kikubwa cha papa wa chumvi kinaweza kuimaliza sehemu kubwa ya kiasi hicho kabla ya kugusa chungu. Tulijifunza kumlowesha usiku kucha na kubadilisha maji mara mbili. Ushauri huo ulistahili kubandikwa juu ya pakiti.

Sasa niingie katika kijitabu, ambacho kilinichukua jioni mbili kukisoma na wiki kadhaa kukisamehe.

Kinaanza kwa kudai kwamba mababu zetu hawakula nafaka, kunde wala maziwa, na kwamba maradhi yote ya leo yalianza siku binadamu alipopanda mbegu. Msomaji atashangaa, kama nilivyoshangaa mimi, kwamba kapu lilelile lina kilo mbili za unga wa mtama na mawele, kilo moja ya kunde, na, kwa anayetaka, chupa ya maziwa. Jiko na kijitabu havijawahi kukaa mkeka mmoja. Maneno hayo yametoka mbali, kwa watetezi wa mlo uitwao paleo, yaani mlo wa Enzi ya Mawe, ambao ulipata heshima ya kitaaluma mwaka 1985 pale S. Boyd Eaton na Melvin Konner wa Marekani walipochapisha katika jarida la New England Journal of Medicine makala yenye hoja kwamba miili yetu iliumbika katika zama ndefu za kuwinda na kuokota, na kwamba kilimo, chenye umri wa miaka kama 10,000 tu, ni kigeni kwetu. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Ina nguvu inaposema kwamba sukari, mafuta ya kusindikwa na unga uliokobolewa ni vitu vya juzi. Inapungua nguvu inapodai kujua hasa mababu walikula nini, kwa kuwa mababu hawakuwa kabila moja lililokaa pango moja.

Kwetu pwani swali hilo lina majibu mengi mno. Ukitaka mababu wa mbali kabisa, nenda Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, pango ambamo wataalamu walifukua kaburi la mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu aliyezikwa miaka kama 78,000 iliyopita, habari iliyotangazwa mwaka 2021. Watu wake walikuwa wawindaji na waokotaji. Hata hao, hata hivyo, hatuwezi kuapa kwamba hawakugusa nafaka: kusini mwetu, katika pango la Ngalue nchini Msumbiji, chembe za wanga wa mtama mwitu zilipatikana juu ya zana za mawe zenye umri wa takriban miaka 100,000, ingawa wapo wataalamu wanaotilia shaka kwamba ulikuwa wa kuliwa. Ukija karibu zaidi, katika makazi ya kale ya Waswahili, ya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mabaki ya vyakula yanaonyesha mtama, mawele, wimbi, kunde na ubuyu. Na Ibn Battuta alipopita hapa mwaka 1331 aliandika kwamba watu wa Mombasa chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, kwamba kisiwani hawalimi nafaka, na kwamba nafaka huletewa kutoka pwani ya bara. Miaka mia saba karibu imepita, na mji bado unaletewa nafaka yake kwa njia hiyohiyo, ila sasa nafaka inavuka daraja la Makupa kwa lori.

Halafu kuna vile tunavyovidhania vyetu na si vyetu. Muhogo, mahindi, viazi vitamu, pilipili, nyanya, mpapai na mkorosho vyote ni vya Amerika, na vilifika huku baada ya Wareno kuanza kusafiri katika bahari hii, wale waliojenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593. Ndizi na nazi zilitoka Asia, kabla ya hapo. Kijitabu kinamhimiza mteja “arudi kwenye muhogo wa mababu” ukurasa mmoja baada ya kumkataza kula mtama, ambao ndio wa Afrika kwa asili. Nilimwonyesha mke wangu ukurasa huo akasema kwamba aliyeuandika hakuwahi kumuuliza bibi yake, na mimi sina la kuongeza.

La kusikitisha ni kwamba ushahidi mzuri upo, tena wa hapa hapa Afrika Mashariki, na kijitabu hakiugusi. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio lililofanywa Kilimanjaro kwa wanaume 77 wenye afya. Wale wa vijijini, waliozoea ndizi, maharagwe, mboga na nafaka zisizokobolewa, walipewa kwa wiki mbili chakula cha kimagharibi, cha kukaangwa na cha viwandani, na wale wa mjini wakapewa chakula cha asili. Kundi la tatu lilikunywa kwa wiki moja kinywaji cha ndizi na ulezi kilichochachushwa, yaani mbege. Waliohamia chakula cha kimagharibi walionyesha katika damu yao dalili za uvimbe wa ndani na kinga iliyodhoofika, na waliorudi kwenye cha asili walionyesha kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Ni jaribio fupi, la wanaume tu, na halikupima nani alipona nini. Lakini tazama ni mababu gani waliohusika: si watu wa pangoni, bali mama na nyanya walio hai, wanaopika leo katika majiko ya Kilimanjaro.

Mfano wa pili ni wa zamani kidogo na unanihusu zaidi kwa sababu ya presha yangu. Watafiti waliwafuata Wajaluo waliohama kutoka vijiji vyao vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Shinikizo la damu la wahamiaji lilipanda katika miezi ya mwanzo tu ya maisha ya mjini, chumvi katika mkojo wao ikaongezeka, na potasiamu ikapungua. Hapo ndipo kapu linapoeleweka. Muhogo, ndizi mbichi, kunde, majani na madafu vina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na mkate wa dukani, soseji na chipsi vimegeuza uwiano huo juu chini. (Mwenye maradhi ya figo asikimbilie potasiamu hiyo kabla ya kumuuliza daktari wake.) Kama kijitabu kingekuwa na ukurasa mmoja wa maelezo haya badala ya kurasa tatu za kuwasifu Wamaasai, ningekihifadhi.

Kuhusu Wamaasai, kijitabu kinataja maziwa, nyama na damu na mioyo yao isiyougua. Ni kweli kwamba daktari wa Marekani, George Mann, aliwachunguza Tanganyika miaka ya 1960 na kukuta kolesteroli ya chini na maradhi machache ya moyo. Ni kweli vilevile kwamba alipochunguza maiti, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1972, aliikuta mishipa yao ikiwa na mafuta kwenye kuta zake, ila imepanuka kiasi cha kutoziba, na mojawapo ya sababu alizozifikiria ni mwendo wao mrefu wa kila siku. Nusu ya habari ikiachwa, msomaji huambulia ruhusa ya kula nyama choma akiwa amekaa.

Sehemu ya kulala na kukaa nitaipitia haraka. Kijitabu kinaamuru mteja alale saa moja na nusu usiku “kama mababu waliokuwa wakilala na jua.” Nilijaribu siku tatu na kuamka saa nane za usiku nikiwa macho makavu kama bundi. Utafiti wa mwaka 2015 miongoni mwa Wahadzabe wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia ulikuta kwamba hulala kwa wastani kati ya saa 5.7 na 7.1, na kwamba hawalali jua linapotua bali saa tatu na zaidi baadaye. Huku kwetu hiyo ni kama saa tatu na nusu au saa nne za usiku, wakati ambao barazani mazungumzo ndiyo kwanza yanakolea. Kwa upande mwingine, shauri la kukaa chini lina msingi: Wahadzabe walipopimwa walionekana kupumzika karibu saa kumi kwa siku, sawa na watu wa mijini, tofauti ikiwa kwamba sehemu ya muda huo wanachuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu haifi ganzi. Sisi tulikuwa na jamvi na mbuzi kabla hatujawa na sofa za mkopo. Siku hizi jioni nakaa jamvini, na magoti yameacha kulia ninapoinuka.

Matembezi ya Jumapili nayapenda. Saa kumi na mbili kasoro za alfajiri, upepo wa bahari ukiwa bado baridi, watu ishirini hivi hutembea kando ya bahari huku meli zikiingia bandarini kwa kupita karibu nao kana kwamba zinawapungia. Hapo ndipo, hata hivyo, nilipokutana na kosa la kwanza kati ya yale mawili makubwa. Katika wiki ya nne kiongozi wa matembezi alimwambia mama mmoja mwenye kisukari kwamba akifikisha siku arobaini za kapu anaweza kuacha vidonge vyake, kwa kuwa “mababu hawakuwa na vidonge.” Nilimwambia mbele ya wote kwamba mababu walikuwa na makaburi mengi ya watoto. Haikuwa adabu, lakini sikuijutia. Nilipoandika malalamiko kwa wenye huduma walijibu kwa heshima kwamba hayo yalikuwa maoni ya mtu binafsi. Wiki mbili baadaye karatasi ndogo ilibandikwa ndani ya kijitabu ikisema mteja asiache dawa bila ya daktari. Kiongozi yule bado anaongoza.

Kosa la pili ni maziwa mabichi. Huuzwa kwa shilingi 150 kwa lita, katika chupa ya soda iliyotumika, yakasafirishwa kwa tuktuk bila barafu, na mteja hushauriwa asiyachemshe “ili yasife.” Maziwa yasiyochemshwa yanaweza kubeba bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe, na joto la Mombasa huvizidisha vijidudu vingine kabla chupa haijafika mlangoni. Mke wangu aliyachemsha chupa ya kwanza, akayatia chai, na hatukuagiza ya pili. Nilipomuuliza bibi wa jikoni kama yeye huyanywa mabichi, alikaa kimya kidogo kisha akasema, “Mimi, mwanangu, tangu utotoni sijaona maziwa yakapita jiko hili bila kuchemka.” Inaonekana, basi, kwamba maziwa hayo hayapiti jikoni kwake, na kama yangepita yasingeuzwa.

Matokeo yangu ni haya, kwa anayeyataka. Nilianza na kilo 91 na kumaliza na kilo 86 na nusu. Presha niliyoipima nyumbani asubuhi katika wiki ya mwisho ilikuwa kwa wastani 130 kwa 83, kidonge kikiwemo. Wiki mbili za mwanzo kunde zilinitia gesi ya kuaibisha ofisini, kisha tumbo likazoea. Sukari ya chai imeshuka kutoka vijiko vitatu hadi nusu, na hilo lilikuwa gumu kuliko kila kitu kingine. Mke wangu hakupungua hata kilo moja, naye anasema hakuwa na nia hiyo, alikuwa akila tu chakula cha kwao.

Bei ni ya juu kwa mtu anayeweza kwenda sokoni mwenyewe. Nilipiga hesabu Kongowea wiki ya nane nikaona vitu vya kapu, bila ya vilivyopikwa, ningevipata kwa takriban shilingi 2,300, ila mchunga na unga wa mawele uliosagwa vizuri vingenisumbua kupata siku moja. Uletaji ni mzuri. Walichelewa mara mbili tu, zote kwa msongamano. Mayai yalivunjika mara moja, wakarudisha fedha kwa M-Pesa siku ileile.

Tangu Oktoba nimehamia kapu dogo la shilingi 2,600, lenye mboga, unga, nazi na vyakula viwili vilivyopikwa, bila maziwa wala kijitabu, na nimeomba mchunga kila unapopatikana. Jumamosi iliyopita bibi alituma salamu kwa kijana wa tuktuk akiuliza kama mbuzi yetu bado inakuna au tumeitundika ukutani kama pambo. Nilimjibu kwamba inakuna lakini meno yake yameanza kuwa butu, naye akanielekeza kwa fundi mwenye tupa nyuma ya Marikiti, akaniusia niende asubuhi kabla hajapata wateja wa visu.